Mistari Iliyoinamia Kulia

Mliniacha ngazini kwa wachapishaji, bahasha kwapani, na najua wengine wenu mmekaa wiki nzima mkinisengenya. Siwalaumu. Ningekuwa ninyi ningefanya hivyo hivyo.

Kwa aliyechelewa kuingia, nimweke sawa haraka. Mimi naandika hadithi, mume wangu anachora. Watu wote humwita Mashoto kwa sababu kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto, hata kunifungia mlango akiwa amenuna. Tulipeleka kurasa za mwanzo za katuni yetu kwa wachapishaji wadogo walio juu ya duka la vipuri vya cherehani, na Mhariri wao akazipenda. Akataka tumalize kitabu kizima. Siku hiyo tulicheza jikoni bila hata muziki.

Kisha mlango wa chuma wa duka alilokuwa akiliandikia bango ukamshukia Mashoto mkononi, na mkono wenyewe ni ule ule wa kushoto. Daktari akasema utapona, ila vidole havitarudi kuwa vile vya zamani. Mhariri sikumwambia. Mashoto naye nikamwambia wachapishaji wamekubali kumsubiri. Hapo nikawa nimeshadanganya pande zote mbili, na kurasa zilizobaki nikampelekea mtu wa mwisho duniani niliyepaswa kumpelekea, yaani mdogo wake.

Hawa ndugu hawasemezani. Shemeji yangu huyu alijifunza kuchora kwa kumwiga kaka yake tangu utotoni, mpaka ukiweka kazi zao pamoja hujui ipi ya nani. Akaja siku moja akamchukua mhusika aliyebuniwa na Mashoto, akampeleka kwa watu wa matangazo ya sabuni na jina lake mwenyewe chini. Mashoto akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba yule hatagusa karatasi yake tena. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi sikwenda kulima, nilikwenda kuomba msaada.

Shemeji alikubali. Malipo hakutaka hata kuyasikia. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kabla kitabu hakijatoka nimwambie kaka yake nani amechora. Nikaahidi, maana kuahidi ni bure. Nikawa napita kwake wakati wa mapumziko ya mchana, nikitoka kwenye chuo cha udereva ninakopokea simu na kuwapangia watu masomo, mpaka kurasa zote zikaisha. Na ahadi bado iko mfukoni.

Basi nikapanda zile ngazi.

Mhariri mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Ni mama mfupi, sauti ya chini, miwani ameifunga kamba shingoni. Anafanya kazi na mchapaji, mzee mwenye wino usiotoka kwenye kucha, ambaye haongei mpaka aone kitu kibaya. Hao wawili ndio kampuni nzima. Chumba kimoja kina mashine, na kingine kina meza ndefu, kabati la droo pana, na rundo la bahasha za watu wanaoota kama sisi.

Akazipanga kurasa mezani. Mchapaji akaja akasimama nyuma yake akijifuta mikono kwa kitambaa. Nikaambiwa nikae, nikaletewa chai.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini chai ile ilinitoa jasho. Katuni yetu inamhusu mama mmoja anayepika chai mahakamani. Mashahidi wote hupitia kwake kabla ya kuitwa, na yeye humjua mwongo kwa namna anavyokishika kikombe. Nilikishika changu kwa mikono yote miwili kama mtoto, nikaogopa hata kunywa.

Wakasoma. Hamjui adhabu ya kukaa mbele ya watu wanaosoma kazi yako kimya. Kila Mhariri alipokunja uso nilijua amefika pale hakimu anapoongea mno, mpaka puto la maneno yake linakaribia kumfunika kichwa. Kisha akacheka. Alicheka mahali pale pale nilipocheka mimi nilipokuwa naandika, na mchapaji akacheka kwa kukohoa.

"Hii wataazimana mpaka ichanike," mzee akasema.

Moyo wangu uliruka, siwafichi. Nilisahau mlango wa chuma, nikasahau shemeji, nikasahau kwamba nilikuwa mwongo. Niliona kitabu changu kwenye kibanda cha magazeti na mtu nisiyemjua akikifunua. Tangu shule nilikuwa nikingoja kitu hicho. Nilikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja.

Mhariri akafungua droo, akatoa zile kurasa zetu za mwanzo ili aziunganishe na hizi mpya. Akaweka ya zamani na mpya bega kwa bega. Akavaa miwani. Akamwonyesha mchapaji kitu kwa kidole, na mzee akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Mumeo anatumia mkono gani?"

Aliuliza kwa sauti ile ile aliyoniulizia kama nataka sukari. Nikajibu wa kushoto, tena kwa kujidai, kwamba ndiyo maana anaitwa Mashoto.

Akanieleza polepole, bila ubaya wowote. Mchoraji akitaka kitu kipate kivuli, huchora mistari midogo midogo iliyolala pamoja. Mistari hiyo hailali popote tu, inafuata mkono. Mtu wa mkono wa kulia mistari yake huinamia kulia, na wa kushoto huinamia kushoto. Hakuna anayeifikiria wakati anachora, kama usivyofikiria unavyotembea. Akageuza kurasa upande wangu. Koti la hakimu lilikuwa lile lile, mikunjo ile ile, vifungo vile vile. Ila kwenye kurasa za zamani mistari ya kivuli iliinamia kushoto, na kwenye mpya yote iliinamia kulia, ukurasa baada ya ukurasa.

Shemeji yangu alikuwa ameiga kila kitu cha kaka yake, kuanzia pua mpaka viatu na moshi wa chai. Lakini yeye ni mtu wa mkono wa kulia, na kati yetu hakuna aliyewahi kuiwazia ile mistari.

"Aliumia," nikasema.

Nikawaeleza habari ya mlango wa chuma, na yote niliyosema hapo yalikuwa kweli. Kisha nikaongeza kwamba tangu hapo amehamia mkono wa kulia. Uongo ukiuchovya kwanza kwenye ukweli unateleza vizuri kooni. Siri hiyo nawapa bure, msiitumie.

Mchapaji hakuumeza. Alisema mtu habadilishi mkono kama anavyobadilisha shati. Alikuwa na rafiki aliyevunjika mkono, na miezi ilipita mwandiko wake ukiwa bado kama wa mtoto wa chekechea. Hizi kurasa, akasema, zimechorwa na mtu ambaye mkono wake haujawahi kuumia hata siku moja.

Mhariri akamnyamazisha kwa jicho. Akaniambia kwamba waliwahi kuchapisha kitabu cha kijana mmoja mwenye maneno matamu, na kitabu kilipotoka, mwenyewe aliyekichora akaja akasimama hapo mlangoni na michoro yake ya penseli, analia. Waliteketeza vitabu vyote. Tangu siku hiyo nyumba yao ina sharti. Kabla ya kitu chochote kuingia mashineni, mchoraji anakuja, anakaa kwenye meza ile, anachora jalada wao wakiwa wanamtazama.

"Aje Jumamosi asubuhi," akasema. "Achore kwa mkono wowote autakao."

Kisha akagusa bahasha ya juu kabisa kwenye rundo. Ndani yake kulikuwa na kazi ya dada mmoja na binamu yake, wazuri pia, wanaosubiri nafasi hiyo hiyo. Mashine ni moja, akanikumbusha, na haiwezi kusubiri watu wawili.

Nilishuka zile ngazi nimeshikilia ukuta. Pale chini muuza vipuri akanisalimia, na sijui nilimjibu nini maana alibaki ananishangaa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Ana kichumba anachochapishia fulana, na nilimkuta akizianika kwenye kamba. Nilipomweleza habari ya mistari alicheka kwanza. Akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kama vile umemchongea. Alisema tangu utotoni alikuwa akijitahidi kuchora kama kaka yake, na kumbe kila siku ule mkono ulikuwa unasema wenyewe.

Kisha kicheko kikaisha, akaniuliza kama nimeshamwambia kaka.

Nikaanza kuzungukazunguka. Nikasema nilikuwa nangoja kitabu kikubaliwe, halafu mkono upone, halafu nipate siku nzuri. Aliniacha nimalize. Yeye ni mtu wa mzaha, tena mbele yangu mimi shemeji yake huwa hana breki, lakini siku hiyo hakutania.

"Shemeji, mara ile nilimwibia mimi," akasema. "Mara hii unatuibia wote wawili."

Nikamwambia asiniite mwizi. Akasema basi nijichagulie jina jingine. Alikuwa amechora zile kurasa ili kaka yake azione na ajue kwamba mdogo wake anaweza kumfanyia kazi bila kuchukua kitu. Nikiendelea kuzificha, akasema, yeye atabaki kuwa mwizi wa sabuni mpaka anazikwa.

"Mwambie kabla ya Jumamosi. Usipomwambia, nitakuja huko mwenyewe."

Akaendelea kuanika fulana. Niliaga, akaitikia bila kugeuka.

Njia nzima ya kwenda nyumbani nilijikaza. Nilipanga maneno kama ninavyoyapanga kwenye maputo, machache na ya wazi. Mume wangu, nilidanganya. Kurasa zimeshachorwa. Aliyechora ni mdogo wako. Nilirudia mpaka yakanizoea mdomoni. Nilipofika mlangoni nilikuwa tayari, na Mungu ni shahidi.

Mashoto alikuwa jikoni, bandeji ameivua, anatabasamu. Huyu mtu alikuwa hajatabasamu tangu mlango umshukie. Akanikatiza hata kabla sijaweka mkoba, akataka nikae na nifumbe macho. Nikasikia karatasi zinapangwa mezani.

Nilipofumbua nikaona kalenda za zamani zimegeuzwa nyuma, na migongo yake yote imechorwa. Alikuwa mpika chai wetu wa mahakamani. Kwenye karatasi za mwanzo alikuwa kituko, macho huku na huku, birika limepinda kama lililokanyagwa na lori. Lakini kadiri nilivyofunua aliendelea kupona. Karatasi za mwisho zilikuwa na mpika chai aliyesimama sawasawa, mwenye uzito, mwenye shavu lile la mtu aliyechoka lakini hadanganyiki. Hakuwa mlaini kama wa zamani. Alikuwa na ukali ambao sijawahi kuuona kwenye kazi ya Mashoto, na nilimpenda zaidi.

"Wa kulia," akasema, akauinua mkono wake. "Kila ukienda kazini nilikuwa najifunza. Nilijua wanasubiri kwa ajili yangu, nikawa naona aibu."

Nikatazama mistari ya kivuli kwenye nguo za yule mama. Iliinamia kulia.

Nililia, jamani. Mashoto alidhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha kweli. Ule uongo nilioutunga mbele ya Mhariri ulikuwa umeshatimia nyumbani kwangu, na mimi sijui. Angeweza kwenda Jumamosi akachora jalada mbele yao na kusiwe na mtu wa kuuliza kitu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimelifikiria sana jambo hili na sitajipamba mbele yenu. Niliogopa kumnyang'anya mtu furaha aliyoitafuta kwa mkono asiouzoea. Na niliogopa kingine. Namjua mume wangu. Akisikia jina la mdogo wake, atakwenda kwa Mhariri, atazichana zile kurasa mezani, na kitabu changu kitakwenda nazo. Nimesema changu. Mmenisikia wenyewe.

Basi nikamwambia nusu. Nikamwambia wachapishaji wanataka aje Jumamosi achore jalada mbele yao, ndiyo desturi ya nyumba yao. Akanikumbatia. Akasema alikuwa anapanga kwenda mwenyewe kuwaomba radhi kwa kuwachelewesha, na sasa atakwenda na kazi. Zile siku zilizobaki alichora mpaka karatasi zikatuishia, akawa anaimba bafuni. Kila nilipofungua mdomo kumwambia, aliniuliza kama birika linaonekana kama birika.

Shemeji nilimpigia Ijumaa. Nikamwomba asubiri kidogo tu, mpaka jalada lipite. Akasema amenisikia. Hakusema amekubali, na mimi sikuuliza.

Jumamosi tukafika. Pale mbele ya duka la vipuri nikamshika Mashoto shati, nikamwambia kuna jambo. Yeye alikuwa anainyoosha mikono, anakunja na kukunjua vidole.

"Utaniambia tukishuka," akasema. "Nisije nikatetemeka bure."

Akapanda. Nikamfuata.

Mhariri alimpokea vizuri mno, na kila neno lake lilinichoma. Alimpa pole ya mkono. Mashoto akasema ameshapoa, asante. Mhariri akasema wamezipenda sana kurasa zake, na Mashoto akashukuru kwa haya, akidhani ni zile za mwanzo. Mimi nilijichekesha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mchapaji akanitupia jicho, nikaacha.

Wakampa karatasi nzito, wino na kalamu ya nibu. Akakaa. Wao wakasimama huku na huku, mimi nikawekwa pembeni karibu na kabati la droo. Zile kurasa zilikuwa humo ndani, karibu na goti langu. Nilijiambia zimefungwa, hakuna wa kuzitoa. Atachora, watashukuru, tutashuka, nitamwambia kwenye benchi la nje, atanuna mwezi mzima, yatakwisha.

Alianza kwa penseli. Mstari wa kwanza ulitetemeka na mchapaji akaguna. Wa pili pia. Nilimwona Mashoto akifunga macho kidogo, akavuta pumzi, akaendelea. Polepole mpika chai akatokea mlangoni mwa mahakama na sinia mkononi, uso umegeukia upande wa shahidi tusiyemwona. Alipoingia kwenye wino, tone likadondoka kwenye aproni. Nikauma mdomo. Yeye akalitazama lile tone, akalifanya mfuko, akatia kijiko ndani yake, akaendelea kama vile alikuwa amepanga.

Kisha akaanza kuweka kivuli. Sote wanne tulikuwa tunatazama ncha ya ile nibu. Mistari ilikuja mmoja mmoja, mifupi, na yote ikainamia kulia.

"Basi," mchapaji akasema. "Nimeona."

Mhariri akavua miwani, akanigeukia, akaniomba radhi mbele ya mume wangu. Alisema walinitilia shaka na wamefanya vibaya. Nikapokea radhi yake. Nikasema hapana, si kitu, kila nyumba ina taratibu zake. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona nikipokea radhi isiyo yangu.

Mashoto akaniuliza kwa macho, shaka gani? Nikamtikisia kichwa kwamba nitamweleza. Nikachukua mkoba, nikasimama.

"Bado sahihi," Mhariri akasema.

Hilo hakuwa ameniambia. Kumbe kabla kazi haijaingia mashineni, mchoraji hutia sahihi nyuma ya kila ukurasa, kwa mkono wake, ili isije ikatokea tena kama ya yule kijana mwenye maneno matamu. Akaniomba nisogee kidogo. Akafungua droo, akatoa kurasa zote, akaziweka mbele ya mume wangu, na kalamu juu yake.

Mashoto alizitazama kwanza kama mtu aliyepewa koti la mwingine. Akainua kichwa, nadhani alitaka kusema mmekosea, hizi si zangu. Kisha akamwona mpika chai, akamwona hakimu, akayaona maneno yangu kwenye maputo. Akafunua ukurasa wa pili. Na wa tatu.

Niliiona ile dakika alipojua. Mtu anaujua mkono wa ndugu yake kama anavyokijua kikohozi chake kutoka chumba cha pili. Lakini hakuacha kufunua. Alizisoma zote, mpaka ya mwisho, bila haraka, na alipofika pale karani wa mahakama anapoanguka na mafaili, alitabasamu. Tabasamu lile liliniumiza kuliko kama angenipiga kofi. Kilikuwa kichekesho kizuri, na alikipenda kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Nikaita jina lake kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

Akageuza ukurasa wa kwanza, akachukua kalamu kwa mkono wa kulia, akaandika nyuma yake. Akauweka kando, akachukua mwingine, akaandika. Kutoka niliposimama sikuweza kusoma. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba alikuwa anatia sahihi, ananiokoa, na nitamlipa maisha yangu yote. Machozi yakaanza kunilengalenga.

Mhariri akachukua ukurasa wa kwanza ili wino ukauke. Akausoma. Akausoma tena.

"Hili si jina lako."

"Si langu," Mashoto akasema, akiendelea kuandika. "Ni la mdogo wangu. Yeye ndiye aliyechora."

Mchapaji akavuta kiti akakaa.

"Nilimfukuza kwetu kwa sababu aliweka jina lake kwenye kazi yangu," mume wangu akasema. "Mimi siwezi kuweka langu kwenye yake."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Aliendelea mpaka ukurasa wa mwisho, akaandika jina lile lile, akafunika chupa ya wino vizuri isije ikamwagika. Mhariri akamuuliza kama yeye alikuwa anajua habari hizi. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningeomba iwepo.

"Mwandishi ni mke wangu," akasema. "Yeye atawaeleza."

Akachukua kofia yake. Jalada aliliacha pale pale mezani, bado bichi. Akawaaga kwa heshima wote wawili, akatoka, na mlango akauacha wazi.

Nikaruka kumfuata. Mhariri hakunizuia kwa mwili. Aliweka tu kiganja juu ya zile kurasa, na kingine juu ya bahasha ya yule dada na binamu yake.

"Mama, siombi hadithi," akasema. "Nataka kujua kama kurasa hizi zimechukuliwa kwa mtu au zimetolewa na mtu. Ukishuka sasa, nitajibu mwenyewe."

Nilibaki katikati ya chumba. Nilisikia hatua za Mashoto zikishuka, moja moja, za mtu asiye na haraka ya kufika popote. Nikamgeukia Mhariri, nikageukia mlango. Zile hatua zilikuwa zinakwisha. Kama angefika mtaani nisingejua hata ameelekea upande gani.

Chini mlango wa nje ukafunguka. Hatua zikasimama, na si zake tu. Kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anapanda, naye amesimama.

Mchapaji akainua kichwa, na Mhariri akageukia mlangoni. Kisha ikaja sauti ninayoijua, ya mtu wa mzaha, na haikuwa na mzaha hata chembe.

"Shikamoo, kaka."

Nikashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, nikangoja kusikia marahaba.